Walilalamikia mkate, wakanyamazia saa: kisa cha binti wa Nkuhungu katika familia ya Ujerumani

Binti aliondoka Dodoma mwishoni mwa Septemba, akiwa na miaka 21, kwenda kuishi mwaka mmoja na familia ya watu wanne katika mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Kufika katikati ya Desemba, nyumbani kwao Nkuhungu kilikuwa kimeitishwa kikao cha ukoo chenye ajenda moja: mtoto wetu anashindishwa njaa. Niliitwa na mimi, kwa kuwa ndiye niliyemfundisha Kijerumani cha mwanzo, na kwetu ukishamwonyesha mtu njia basi hata akijikwaa utaulizwa.

Naandika kwa ruhusa yake. Majina nimeyaacha, na huo mji sitautaja. Nimeona kisa kinafaa kuandikwa kwa sababu moja: familia ilikuwa na haki kabisa ya kulalamika, ila ilipigia kelele jambo ambalo halikuwa na kosa la mtu, na lile lenye kosa likapita mbele ya macho ya wote, binti mwenyewe akiwemo.

Alivyokwenda

Alikwenda kwa mpango wa au pair, ambao vijana wa hapa wanautamka opea. Kwa Ujerumani masharti yake yako wazi. Uwe na miaka 18 au zaidi na usiwe umefikisha 27 unapoomba viza, ujue Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, na familia inayokupokea isiwe ya ndugu zako. Unakaa miezi 6 hadi 12, na ukishamaliza huwezi kurudia. Familia inakupa chumba, chakula, bima, euro 280 kwa mwezi za matumizi yako, pamoja na euro 70 za kuchangia kozi ya lugha. Wewe unasaidia kulea watoto na kazi ndogondogo za ndani, zisizozidi saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki, na jioni unazobaki na watoto wazazi wametoka nazo zinahesabiwa humo. Una angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na anayekaa mwaka mzima anapata likizo ya wiki 4. Kumhudumia mzee au mgonjwa wa nyumba hakumo kabisa.

Hizo euro 280 ndugu waliziita mshahara tangu siku ya kwanza. Ukizibadilisha ni zaidi ya laki saba, na Nkuhungu hela hiyo hakuna anayeiita ya matumizi ya mfukoni. Halafu kulikuwa na deni. Ada ya kozi, mtihani, viza, safari za Dar es Salaam kwenda ubalozini, tiketi ya ndege: mama alikopa kwenye VICOBA yao, kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, pengo akaliziba shangazi. Walipatana binti atume euro 150 kila mwezi mpaka deni liishe mwezi wa tatu. Ukitoa 150 kwenye 280 zinabaki 130, za nauli, vocha, sabuni, na koti la baridi ambalo halikununuliwa mapema kwa sababu kila mtu alidhani sweta mbili zinatosha.

Mezani

Siku aliyofika, mama mwenyeji alifungua friji, akamwonyesha rafu moja moja, akamwambia kila kilichomo humu ni chako pia, ukisikia njaa jihudumie. Hakulirudia tena neno hilo. Kwa upande wake lilikuwa limekwisha: ruhusa imetolewa, mtu mzima ameisikia.

Binti aliyapokea kama maneno ya kumkaribisha mgeni, mazuri ya kusikia, lakini hayakupi mamlaka ya kupekua jiko la mwanamke mwenzio. Hata kwa shangazi yake, alikolala likizo zote za utoto, hafungui friji bila kusema kwanza, "Shangazi, naomba maji." Hivyo ndivyo alivyolelewa, na kwa malezi hayo kila mtu mtaani alimsifia.

Jioni kule wanakula vitu vya baridi: mkate, jibini, soseji ya kukatwa vipande vyembamba, matango ya siki. Chakula cha moto ni cha mchana, lakini mchana watoto wanakula shuleni na chekechea, wazazi wako kazini, na binti anabaki peke yake na ile friji. Mlo pekee aliokuwa akiitiwa mezani siku za kazi ukawa ule wa mkate.

Jumapili ndiyo wote walikaa kwenye chakula cha moto. Alinisimulia Jumapili moja. Viazi, nyama, mchuzi mzito wa kahawia. Bakuli lilizunguka, akachukua kidogo kwa adabu. Likaja mara ya pili, mama mwenyeji akamuuliza kama ataongeza. "Asante, nimeshiba." Bakuli likapita. Kwetu hapo ndipo karibu inapoanza: umeshiba nini na hujala, lete sahani hapa. Yeye alikuwa akiisubiri sauti hiyo, na haikuja. Nyama iliyobaki ikatiwa kwenye kopo la plastiki, kopo likafunikwa, likaingia kwenye friji. Anasema aliposikia mlango wa friji unajifunga alitamani kulia.

Akaanza kujinunulia mkate, siagi ya karanga na ndizi kwa zile 130, akavificha kabatini chumbani. Siku moja mama mwenyeji aliingia kurudisha nguo zilizofuliwa, akaona kopo na makombo ya mkate. Aliumia. Alimuuliza kama chakula cha pale hakimpendezi. Binti akaogopa, akajibu chakula ni kizuri sana, na hilo likaishia hapo, kila mmoja akiwa na jeraha lake.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna aliyeliona mpaka tulipokaa kuhesabu. Mama yake alikuwa akimpigia kila siku saa 3 usiku, baada ya sala na chakula. Oktoba ilipoanza, hiyo kwa Ujerumani ilikuwa saa 2 usiku, vyombo vimeshaoshwa, binti yuko chumbani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu wanarudisha saa nyuma kwa saa moja. Dodoma hakuna aliyegusa saa yake, mama akaendelea na saa 3 yake ileile. Simu ikawa inaita saa 1 usiku, katikati ya mkate na jibini, na mtoto aliyelelewa vizuri haachi simu ya mama yake iite. Anainuka na kwenda kupokea, akirudi meza imeshaondolewa. Wenyeji wakaona msichana anakimbia chakula chao kila jioni, tena na simu mkononi. Mama huku nyumbani anamuuliza, "Umekula?" Anajibu, "Bado, mama." Ikawa hivyo wiki kwa wiki.

Sauti aliyomtumia shangazi kwa WhatsApp ilikuwa na maneno machache: "Huku nakula mkate tu, shangazi." Shangazi ana saluni. Aliicheza ile sauti pale pale, mteja akiwa katikati ya kusukwa. Jioni Nkuhungu nzima ilikuwa na habari.

Saa

Nilipozungumza na binti nilimwomba aandike kwa wiki mbili kila alichofanya, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Nia yangu ilikuwa kujua anaingia jikoni saa ngapi na anakula lini. Daftari lilirudi na habari nyingine.

Ratiba aliyopewa na familia ilikuwa safi. Asubuhi saa 12 na nusu hadi saa 2, kuwaandaa watoto. Mchana saa 8 hadi saa 12 na nusu jioni, kuwachukua, kucheza nao, kuwasimamia. Hizo ni saa 6 kwa siku, saa 30 kwa siku tano, hakuna hata dakika iliyozidi. Ila chini ya ratiba kulikuwa na mengine. Kupiga pasi nguo za nyumba nzima, saa 3. Jioni moja ya kubaki na watoto, saa nyingine 3. Kusafisha kwa mashine ya kufyonza vumbi, saa 2, na hizi alijiongezea mwenyewe bila kuombwa, kwa sababu Dodoma binti anayekutwa na jua kitandani uwanja haujafagiliwa ni aibu ya mama yake. Tena alikuwa akiiwasha mashine Jumapili alfajiri, siku ambayo kule makelele hayatakiwi, mpaka baba mwenyeji akamwomba aache, naye akasikia kama anafukuzwa.

Halafu Jumamosi, saa 5, alikuwa kwa bibi.

Bibi ni mama mzazi wa baba mwenyeji, anaishi ghorofa ya chini. Ilianza kwa kumpelekea mkate. Ikawa kumfagilia, kisha kumbadilishia mashuka, na kufika Novemba binti alikuwa akimwogesha. Hakuna siku aliyoitwa na kuambiwa hii ni kazi yako. Baba mwenyeji alikuwa akisema tu, "Unaweza kumtazama bibi kidogo?", na kidogo hiyo ikawa inakua. Jumla kwa wiki: saa 43. Wiki iliyofuata, 41.

Yeye mwenyewe hakuwa ameliona hilo kama tatizo. Nilipomtajia jumla alisema, "Kwani mwalimu, kwa bibi si napumzika?" Na hakuwa anadanganya. Bibi ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyezungumza naye polepole. Alimsahihisha sentensi bila kumcheka, alimkatia keki bila kumuuliza kama anataka, akamwongezea kipande cha pili kabla hajasema kitu. Mkarimu wa kumlazimisha kula alikuwa ghorofa ya chini, na bei ya ukarimu huo ilikuwa kuogesha mwili wa mtu mzima mwenye magoti mabovu, kazi ambayo hakufundishwa. Wangeteleza wote wawili bafuni, sijui nani angejibu.

Kikao

Tulikaa sebuleni jioni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na baba mdogo aliyetoka Kongwa alikuwa na haraka ya kurudi shambani. Shangazi alifungua: mtoto atolewe kwenye ile nyumba, aende ubalozini, ikibidi polisi. Kaka yake alikuwa ameshatafuta kwenye simu jinsi ya kubadilisha familia. Mama alisema maneno machache tu, kwamba avumilie hadi Machi.

Nilianza na chakula, nikaeleza mambo ya friji na bakuli. Shangazi hakukubali. "Mtu anayekutakia mema anauliza mara moja tu?" Swali zuri, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikahamia kwenye daftari na kusoma zile saa 43. Hapo nilitegemea watashtuka.

Baba mdogo akacheka. "Mwalimu, saa 43 kwa wiki ni kazi hiyo? Hapa msichana wa kazi anazimaliza Jumatano." Wengine wakacheka naye. Dada wa kazi wa nyumba hiyo alikuwa jikoni anatupikia ugali na mlenda, na sidhani kama hakusikia. Nilipotaja kumwogesha bibi, mama alinitazama kama mtu asiyeelewa ninacholalamikia. Kumhudumia mzee ni baraka. Angekuwa amekataa, ndiyo mama angeona aibu.

Kwa maoni yangu kiini cha kisa kiko hapo sebuleni zaidi kuliko Ujerumani. Kila upande ulipima kwa kipimo cha nyumbani kwake. Kutolazimishwa kula ni ukatili kwa kipimo cha Nkuhungu, na kule ni heshima, usimsumbue mtu aliyesema ameshiba. Kumpa msichana wa ndani kazi zisizo na mwisho, Nkuhungu ni kawaida, na kule ni kukiuka masharti ambayo familia ilitia saini. Binti alichukua kipimo cha nyumbani katika yote mawili, na katika yote mawili kikamuumiza.

Neno "vumilia" nalo nilisemee. Mama alikuwa na hesabu yake, na deni la VICOBA halina mzaha, maana kina mama wenzake wanakaa naye kila wiki na kumtazama usoni. Lakini kuvumilia kuna maana pale ambapo unajua unachovumilia. Binti alikuwa akivumilia njaa katika nyumba yenye friji iliyojaa, jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza, na papo hapo akitoa saa 11 hadi 13 za ziada kwa wiki akidhani anapumzika.

Kuhusu kubadilisha familia: inawezekana, kwa kupitia wakala wa au pair na kuitaarifu ofisi ya wageni ya mji husika. Nilipinga. Angekwenda na sababu ya chakula, angeulizwa swali moja tu, "Uliwaambia?", na hoja ingeanguka, ikaangusha pia ile nzito ya saa.

Yaliyofanyika

Mama alihamisha simu zake. Siku za kazi anatuma sauti, mazungumzo marefu ni Jumamosi jioni. Aliposikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwinua mwanawe mezani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini Wazungu wachezee saa.

Binti tulimfanyisha mazoezi ya kusema kwa Kijerumani: nina njaa, naomba niongeze, mchana naweza kupika wali? Sarufi alikuwa nayo tangu A1. Kilichokuwa kigumu ni kuyatoa maneno hayo mdomoni. Aliniambia anajisikia kama anaomba barabarani. Ugumu wa pili ulikuwa jina. Mama mwenyeji alimwambia siku ya kwanza amwite kwa jina lake tu, na yeye hakuweza kumwita mtu wa umri wa mama yake jina kavu, basi kwa miezi hakumwita kabisa. Akitaka kumwambia kitu, anatembea hadi aonekane, anasubiri kutazamwa. Mwishowe alianza kumwita "mama" na jina la mtoto mkubwa, kama angefanya Dodoma. Mtoto alifurahi kuliko wote.

Suala la chakula lilikwisha jioni moja. Mama mwenyeji alishika mdomo. Alikuwa akidhani msichana anajinyima apungue unene, na alikuwa ameshawauliza marafiki zake afanye nini bila kumkera. Kesho yake walikwenda dukani pamoja, wakarudi na mchele, maharage na mchicha wa kugandishwa.

Saa hazikuwa rahisi. Binti aliweka daftari mezani Januari, baada ya mtu wa wakala wa kule kuarifiwa ili asiwe peke yake. Baba mwenyeji alisoma, akasema kwa upole kwamba sehemu ya kazi ya pasi na mashine ya Jumapili hakuna aliyeziomba. Kweli. Akasema kwa bibi tulidhani unapenda mwenyewe. Nalo kweli. Ukisikiliza hivyo unaweza kuona hakuna mwenye kosa. Lakini mtu mzima aliyetia saini saa 30 ndiye anayepaswa kuhesabu, na msichana wa miaka 21 aliyefika juzi, mwenye lugha ya A1 na deni mgongoni, huwezi kumtegemea yeye ndiye akuambie basi imetosha. Sidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, wakapata mtu asiyesema hapana.

Mtu wa wakala ndiye aliyefungua njia. Ujerumani ina bima ya matunzo tangu 1995, inayolipia wahudumu wa kuja nyumbani kwa mzee aliyethibitishwa kuhitaji msaada. Bibi alikuwa wa kuthibitishwa siku nyingi, ila maombi yalikuwa hayajapelekwa. Yakapelekwa. Pasi ikapungua hadi nguo za watoto, na jioni ya kubaki na watoto ikawa inakatwa kwenye saa za mchana wa siku hiyohiyo.

Bibi alikasirika. Hakutaka kuogeshwa na mgeni, na kwake binti hakuwa tena mgeni. Binti aliendelea kushuka Jumamosi kunywa kahawa na kula keki, kwa hiari, na nikimuuliza anasema wanazungumza tu. Baadaye nikagundua kwamba anamchana nywele na kumkata kucha pia. Sikulipenda sana, maana hiyo "kidogo" ndiyo iliyotufikisha saa 43. Yeye aliniambia mwalimu, hilo niachie.

Deni la VICOBA liliisha Aprili, mwezi mmoja nyuma ya mpango, kwa sababu Januari hakutuma kitu. Alinunua koti na viatu vya baridi, na akalipia kozi ya lugha iliyobaki, maana euro 70 za familia hazikutosha. Mama alikwenda kwenye kikundi akaeleza. Walimtoza faini ndogo, wakampigia makofi.

Mwaka ulipoisha alipata nafasi ya kujitolea katika nyumba ya wazee mji wa jirani, na sasa anaogesha wazee kwa mafunzo, kwa zamu, kukiwa na kiti cha kuogea na kamba ya kuvuta ukiteleza. Shangazi anamwandaa binti yake wa pili naye aende. Tulipokutana saluni nilimkumbusha masharti ya saa 30. Alisema ameyasikia, ila yeye familia itakayompokea huyu wa pili ataiuliza jambo moja tu, wanapika mara ngapi kwa siku, kwa sababu ile ya kwanza ilimnyima mtoto chakula na hakuna wa kumweleza vingine.